Kadi Ndani ya Bitana

Alhamisi usiku maji ya kanjo hupanda hadi orofa ya tatu.
Hewa kwanza, kisha kutu, kisha maji.
Nimeketi juu ya ndoo niliyoipindua,
riwaya ya maktaba magotini,
sikio kwa mtungi, jicho kwa ukurasa.
Mjane wa kitabuni amepokea barua, hajaifungua.
Anaiweka mezani. Anaichukua tena.
Mtungi umefurika,
maji yamefika mlangoni kwa Mama Khavere,
naye anabisha kwa ufagio.
Barua bado.

Januari niliandika nyuma ya kalenda ya duka la dawa,
kwa kalamu ya Ndinda, mahali Musembi hapatazami:
blanketi moja la viraka, vitabu kumi na viwili,
Zaburi zote kwa mfuatano, bila kuruka zile za hasira.
Sasa ni Septemba.
Vitabu vinne.
Zaburi nimekwama papo hapo, penye hasira.

Blanketi ndilo lililosonga, tena kwa dakika za kuiba:
maharagwe yakitokota,
redio ikiacha mahubiri kutangaza sabuni.
Fundi Kilonzi wa Mutindwa huniwekea makombo
katika gunia la sukari:
kola za sare za shule,
pindo la gauni la bibi harusi ambaye hakurudi kulichukua,
kitenge cha manjano kilichonuka mafuta ya taa
hata baada ya kufuliwa mara tatu.
Katikati nimeweka leso ya mama.
Ilichakaa ikachanika kwenye maandishi,
likabaki neno moja tu: *apone*.
Hakupona.
Nimelizungushia mishono midogo kuliko yote,
nisiweze kulifumua siku nikikasirika.

Jumatano, kwenye jumuiya, Mama Atamba husema
mkono unaoshona ni mkono unaosali.
Labda wake.
Wangu ukishona huhesabu deni la gesi,
hugombana na shemeji ambaye hayupo,
hujibu leo matusi ya mwaka juzi.
Sala yangu mimi ni fupi, huja nikiwa nimeuma uzi:
Mungu, nionyeshe tundu la sindano.
Na mara nyingi hunionyesha,
nami husahau kushukuru, kwa kuwa uzi umeshapita.

Usiku mmoja stima ilipotea mtaa mzima, hadi kule Donholm.
Kitabu kikafungwa na giza.
Mshumaa ulikuwa kipande cha ukucha.
Nikashona kwa kupapasa, tabaka tatu,
uso, pamba, bitana,
kidole cha chini kikiingoja ncha ya sindano
kama mtu anayengoja habari.
Sikuhesabu deni usiku huo.
Sikusema lolote. Sijui niiteje.
Stima iliporudi friji ikaguruma, nikashtuka
kama niliyekutwa nikiiba.

Wiki iliyofuata nikaitafuta kadi ya maktaba.
Ndani ya kitabu haimo. Ndani ya Biblia, risiti za shule.
Nikainua godoro, nikamshuku Musembi,
nikamshuku hata mtoto wa Mama Khavere.

Blanketi nililimaliza Jumamosi, saa nane usiku.
Nikamfunika Ndinda.
Akageuka, na kitu kikakwaruza,
kikavu, chini ya neno la mama.
Nikapapasa: pembe nne, ugumu wa karatasi.
Jina langu lote, na picha niliyopigwa nikiwa nimekasirika,
limeshonewa gizani kati ya pamba na bitana.

Kufumua ni kazi ya dakika kumi.
Mkasi nilikuwa nao mkononi.
Ndinda akageuka tena, ikakwaruza tena,
nikauweka mkasi kwenye kopo la kahawa.

Jumatatu nilishuka Kaloleni nikasema kadi imepotea.
Bwana Oduwo akavua miwani: imepotelea wapi?
Nyumbani, nikamwambia.
Faini nikaitoa kwenye pesa za nyama.
Tutakula sukuma, na Musembi atauliza.

Leo ni Alhamisi. Mfereji umeanza kukohoa.
Ndoo nimeshaipindua.
Yule mjane ameishika barua dhidi ya mwanga,
anajaribu kuisoma bila kuichana.